Samaki wa Mwashya na jina la mke wangu

Élisabethville, Jumatatu jioni, mwezi wa kumi

Leo joto limekataa kuondoka hata baada ya jua kushuka. Mawingu yamekaa upande wa Naviundu tangu saa nane, yanatishia tu, hayanyeshi. Shingo yangu imebabuka kwa jua la jana na midomo imepasuka kwa chumvi. Ofisini nimechora mpaka wa kiwanja cha watu mahali pasipo pake, nikaufuta kwa wembe, nikauchora tena palepale. Mkubwa wetu akaniuliza kama ninaumwa. Nikamjibu hapana.

Siku hizi ndilo jibu langu kwa kila kitu. Hapana, siumwi. Hapana, sina njaa. Hapana, sijachoka. Nimekuwa mtu rahisi sana kuishi naye, nadhani, kama kiti.

Niandike kweli, maana daftari hili halina msomaji mwingine. Tangu mwezi wa tatu, tangu Agnès wetu alipofariki, sisikii kitu. Surua ilimmaliza kwa siku sita. Alikuwa na miaka minne na alikuwa ameanza kuniiga ninavyokohoa. Siku ya mazishi watu walilia, na mimi nilikuwa nahangaika na misumari, na viti vya kuazima, na nani atampa padri maji ya kunawa. Nikajiambia kilio changu kitakuja baadaye, watu wakishaondoka.

Hakijaja.

Kuna ganzi tu, ile ya meno ukishakula ndimu nyingi. Unatafuna, unajua kwamba unatafuna, basi. Na nyumbani ni vilevile. Mimi na mke wangu hatujagombana hata siku moja. Tumekosa tu namna ya kuitana.

Hilo linahitaji maelezo, hata kwangu mwenyewe. Jina lake la ubatizo ni Philomène, na la kwangu ni Donatien, lakini hayo ni majina ya padri na ya kitabu cha kazi. Huwezi kusimama uani ukamwita mkeo Philomène kama polisi anayekagua makaratasi. Tangu Agnès alipozaliwa yeye alikuwa Mama Agnès na mimi Baba Agnès. Tuliitana hivyo mezani, sokoni, hata tulipokuwa tunateta. Kabla ya hapo sikumbuki tulikuwa tunaitanaje. Sasa nikitaka kumwambia kitu ninakohoa kwanza, halafu ninaanzia katikati: maji yako wapi, shati limekauka. Yeye chakula kikiiva anagonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria, mara mbili, nami ninakuja. Miezi saba tunaishi kwa kukohoa na kugonga sufuria.

Wiki mbili zilizopita ilikuja barua kutoka Kabalo, kwa mama mkwe. Baba mkwe ni mtu wa reli huko, wa siku nyingi. Barua inasema mtoto wao aende akapumzike kidogo, mdogo wake wa kiume atakuja kumchukua, na treni ni ya Alhamisi hii. Sisi wote tunajua mapumziko ya namna hiyo. Mke wa fundi cherehani wa mtaa wetu alikwenda kupumzika kwao, na leo ana mume mwingine hukohuko na mimba juu yake. Mke wangu aliiweka barua kando ya sahani yangu, akangoja nimalize kuisoma, akauliza, "Unasema nini?"

Nikasema, "Tutaona."

Ijumaa nikakuta ametoa sanduku la mbao chini ya kitanda na kuliweka karibu na mlango. Jumamosi mchana nikaondoka kwenda kuvua samaki na Muzungu.

Ndiyo. Naacha sentensi hiyo ilivyo.

Muzungu huyo ni mkubwa wetu ofisini, mpima ardhi, mtu mrefu, mpole kwa kadiri wakubwa walivyo wapole. Tunamwita Bwana Manyoya, yeye hajui. Ana fimbo nyembamba ya mianzi iliyounganishwa kwa gundi, ina uzi mzito na mwisho wake ndoana ndogo iliyovalishwa manyoya ya kanga. Wao wanaiita nzi. Nzi gani ana mkia, sijui. Kwa kuwa mikono yangu imezoea kalamu ya wino na mistari midogo, mwaka jana alinifundisha kuzifunga, na leo ninazifunga vizuri kumpita. Nakiri kwamba tangu mwezi wa tatu kazi hiyo ndiyo pekee niliyoipenda. Uzi, nyoya, fundo, kata. Mtu hahitaji kuwamo ndani yake.

Kosa lilianzia mdomoni mwangu. Bwana huyo ametoka kwenye pwani yao huko Ubelgiji, na kila joto likizidi anaanza kuililia bahari. Alikuwa anavua samaki wa bahari asiyekubali ndoana kirahisi, mwenye macho makali, na anamsifu kama watu wanavyomsifu marehemu. Siku moja mwezi wa sita, ili nimchangamshe tu, nikamwambia kwamba kwetu Mwashya, karibu na mto Lufira, kuna chemchemi za chumvi, na ndani ya maji hayo wapo samaki. Wadogo, lakini wa maji ya chumvi kabisa, na hakuna aliyewahi kumshika hata mmoja kwa ndoana.

Aliweka kalamu chini. Akaniambia kwa Kiswahili chake, "Weye iko mutoto ya kule. Weye najua yote. Weye iko guide yangu."

Mimi, guide, mwonyesha njia! Nilitoka Mwashya nina miaka sita, nikapelekwa misioni. Ninachojua juu ya samaki wale ni ladha yao. Lakini mtu hamwambii mkubwa wake kwamba amejisifu bure, basi nikasema ndiyo Bwana, na tangu hapo kila Jumamosi tulikwenda kwenye mto wa Naviundu yeye akajizoeze kurusha uzi na mimi nijizoeze kuonekana ninajua.

Kwa bahati ninaye Yaya Kaluwa, yaani dada yangu, binti wa mama mkubwa, ambaye amechemsha chumvi Mwashya maisha yake yote. Tulifika kwake Jumamosi jua linazama, na alfajiri alitutoa nje kama kuku. Wakati huu wa mwaka, kabla mvua haijashuka, wanawake wanamalizia kukwangua udongo wenye chumvi, wanaupitisha maji kwenye vyungu vyenye matundu, wanachemsha. Pande zote ardhi ni nyeupe, na katikati yake mabwawa yenye maji ya kufika gotini, maangavu hata unaona kivuli cha samaki kabla ya samaki mwenyewe.

Yaya alimtazama Bwana Manyoya toka kofia mpaka viatu, akaniuliza huko kwao alikuwa anavua nini. Nikamwambia anasema samaki yule jina lake ni bar.

"Bar?" akasema Yaya. "Ile ya pombe? Basi anakamataka balevi."

Bwana akauliza amesema nini. Nikamwambia amesema karibu.

Kwa kikapu chake Yaya anakusanya samaki wale ishirini kabla chai haijachemka. Kwa fimbo ya mianzi ni habari nyingine. Samaki mwenyewe si mkubwa kuliko kiganja, anakula utelezi wa kijani juu ya mawe, na nzi wa manyoya ya kanga hamhusu kabisa. Uzi ukipita tu juu ya bwawa, kivuli chake kinatangulia, na bwawa zima linakuwa tupu. Bwana alirusha, akangoja, akarusha. Alikuwa anarusha vizuri, lazima niseme. Yaya alivumilia kwa muda, halafu akaniita.

"Ambia Muzungu wako aikale chini. Anasimama sawa muti. Na jua iwe mu macho yake, hapana mu mugongo."

Nikatafsiri kwa Kifaransa kizuri, nikaongeza kwamba ndivyo sisi wa Mwashya tunavyofanya. Bwana Manyoya akaketi kwenye tope la chumvi na suruali yake ya kaki, jua usoni, machozi yanamtoka kwa mwanga. Akachovya kidole ndani ya maji, akakiweka ulimini. Nikafikiri, huyu naye anatafuta kitu chake hapa, na mimi nimekileta kwa kujisifu. Halafu nikaacha kufikiri juu yake.

Tulipumzika kidogo ili nibadilishe ndoana. Yaya alichuchumaa karibu yangu akiangalia vidole vyangu, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mama Agnès iko namna gani?"

Fundo likaniponyoka. Miezi saba sikuwa nimelisikia jina hilo kwenye mdomo wa mtu. Nikasema yupo tu, na Alhamisi anakwenda Kabalo. Yaya akauliza kwa nini, na sijui ilikuwaje, labda kwa sababu mikono ilikuwa na kazi, nikamweleza yote. Barua, sanduku, kukohoa, mwiko.

"Sasa unamuitaka nani?"

Nikasema simwiti.

"Hata mbuzi anaitwaka," akasema.

Ndipo nikamwambia kitu ambacho sijakiandika hata humu. Siku ile, tuliporudi kutoka makaburini, nilivaa koti langu nikazunguka kwa majirani, mlango kwa mlango, nikawaomba kwa heshima wasimwite tena mke wangu Mama Agnès. Niliwaambia jina hilo litamchoma. Walinisifu. Mzee wa mtaa alinishika mkono akasema mwanamke huyu ana bahati ya mume. Na tangu siku ile, kisimani, kanisani, dukani, wanamwita "mama" tu, au "weye mama," au wanamgusa bega.

Yaya alikuwa ameacha kuangalia vidole vyangu. "Yee ulimuuliza?"

Hapana.

"Alors, basi, ulimunyanganya. Mutoto alikufwa, na jina nayo ukabeba weye."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama anavyosema chungu kimevuja, akainuka, akaenda kuangalia moto wake.

Nilimpelekea Bwana fimbo yake. Nilikuwa natembea lakini sikuwa nahisi miguu. Nilijaribu kumkumbuka mke wangu jioni ile ya mazishi, wapi alikuwa nilipozunguka na koti langu, na sikuweza. Nilikumbuka tu kwamba niliporudi aliniuliza nilikuwa wapi, nami nikasema kwa majirani, kushukuru.

Karibu na saa sita Yaya alirudi, akamwona samaki chini ya ukingo, peke yake, koo limevimba. Akaniambia haraka, "Ule hapana! Ule iko mama. Iko na batoto mu kinwa, hawezi kula."

Sikuwa najua kwamba kuna samaki wa namna hiyo. Nikageuka kumwambia Bwana amwache, lakini alikuwa amekwisha kurusha. Mtu amengoja tangu mwezi wa sita. Nzi akatua bila kelele, pazuri, mbele ya pua yake kabisa, na samaki hakufungua mdomo. Alirudi nyuma kidogo. Bwana akavuta, akatupa tena. Samaki akarudi nyuma tena, mdomo umefungwa. Mara ya tatu ndoana ikamshika kwenye pezi la ubavuni, na Bwana Manyoya akapiga kelele ya furaha kama mvulana.

Akamwinua. Na pale, juu ya kiganja chake, samaki akafungua mdomo na watoto wakamwagika, wadogo kama punje za mtama, wengine ndani ya mkono wa Bwana, wengine majini.

Yaya alisema maneno kwa Kisanga, lugha ya kwetu, ambayo sikuyatafsiri. Hayakuhitaji. Bwana alikuwa amekuwa mwekundu, anasema pardon, pardon, sijui kwa nani. Alipiga magoti ndani ya maji, akakizamisha kiganja chake chote, akaitoa ndoana kwa vidole viwili polepole. Samaki akateleza nje, akasimama karibu na jiwe, hasogei. Ukaanza mwendo mdogo ndani ya maji, kama vumbi linalorudi lilikotoka, na mama akafungua mdomo, watoto wakaingia.

Sijui kama waliingia wote. Nilijaribu kuhesabu nikashindwa, maji yalikuwa yamevurugika.

Nilingoja nisikie kitu. Sitaki kulidanganya daftari hili: moyo haukusema kitu. Ila miguu yangu, niliyokuwa siihisi, ilianza kuniwaka. Visigino vyangu vimepasuka na nilikuwa nimesimama kwenye chumvi tangu asubuhi. Ilikuwa inauma vibaya sana na sikutoka majini mpaka Bwana aliponiita.

Alikunja fimbo yake akasema inatosha. Karibu na mjini aliniuliza kama wale wadogo wangeishi, nikasema ndiyo Bwana. Safari hii sikujifanya guide. Nilisema tu kwa sababu alihitaji kujibiwa.

Nilifika nyumbani jana kama saa kumi na moja, nikiwa na kipande cha chumvi kilichofungwa kwenye majani, zawadi ya Yaya kwa wifi yake. Mke wangu alikuwa uani, amenipa mgongo, anapepea jiko lake la mbabula, makaa bado hayajashika. Nyumba ya pili mama jirani alikuwa anafagia. Sanduku nililiona kupitia mlangoni, mahali palepale, sasa limefungwa kamba.

Nikakohoa.

Akaweka pepeo chini, akangoja nianzie katikati kama kawaida. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi garini. Kwamba asiende, kwamba nilikosea, kwamba nilidhani ninamlinda. Hayakutoka. Kilichotoka ni kimoja.

"Mama Agnès."

Hakugeuka. Mama jirani aliacha kufagia. Nikafikiri hakusikia, au alisikia na nimemchoma kama nilivyowaambia watu, na nilikuwa nimesema kweli tangu mwanzo. Nikasema tena, kwa sauti kubwa kupita nilivyotaka.

"Mama Agnès."

"Nilisikia," akasema. Bado alikuwa anaangalia makaa. "Rudilia."

Nikarudia. Akasema rudilia. Nikarudia tena, nikiwa nimesimama na furushi langu kama mwanafunzi anayesoma somo, na mabega yake yakaanza kutikisika, na moto ukazima kwa kukosa wa kuupepea, na mimi sikuacha mpaka alipoinua mkono.

Tulikula mkate. Sikulia, na hilo linaniogopesha kidogo, lakini usiku nililala upande wa ukutani, ambao sikuwa nimelala tangu mwezi wa tatu kwa sababu ulikuwa wa Agnès, na mke wangu hakuniambia nitoke.

Leo asubuhi sanduku lilikuwa bado limefungwa. Sikuuliza. Alinimiminia chai, akakaa mbele yangu, akatazama ndani ya kopo, akasema:

"Baba Agnès, sukari ilikwisha."

Nilisema nitanunua. Nilitoka nikafika mpaka kwenye kona, chini ya ile miti inayomwaga maua ya zambarau, na pale nikasimama nimeshika baiskeli, watu wa kazi wananipita pande zote, hata mmoja akauliza kama gurudumu limetoboka. Nilisema ndiyo, limetoboka. Kwa nini nilichora mpaka wa watu vibaya leo, nadhani sasa najua: masikio yangu yalikuwa bado kwenye jina hilo.

Sukari nimeileta, iko mezani. Mama Agnès yuko nje, nasikia anaongea na mama jirani, sisikii wanasema nini. Majirani wote nitawarudia mwenyewe wiki hii, mlango kwa mlango, na safari hii nitawaambia nilichokifanya.

Treni ni ya Alhamisi na huenda akaipanda. Jina nililomrudishia lilikuwa lake, sistahili malipo kwa hilo. Lakini kesho asubuhi, kabla sijashika baiskeli, nitamwambia kwa mdomo wangu kwamba sitaki aende. Halafu nitanyamaza, nimwache aseme yeye.